Kauli ya Mtahiniwa Mgeni

Siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, Mwamvita Pazi alipimwa mara nne kabla hajaulizwa swali hata moja. Alipimwa mboni ya jicho getini. Akapimwa kiganja kwenye meza ya kwanza, sauti kwenye meza ya pili, na kwenye meza ya tatu mashine ikasoma makazi yake yote tangu azaliwe, kijiji kwa kijiji, ikakoroma kidogo na kutoa beji ya njano.

"Ya njano ya nini?" aliuliza.

"Mgeni," alijibu kijana wa mezani bila kuinua macho. "Miaka miwili na miezi minane. Sheria inataka mitatu."

Hilo alilijua. Mama yake, Siwatu, alikuwa muuguzi, na serikali ilimhamisha kutoka Kisarawe hadi Urambo bila kumuuliza kama ana binti wa sekondari. Kama uhamisho ungekuja miezi minne mapema, Mwamvita angevaa beji ya kijani kama wenzake wote. Kurudi Kisarawe kufanya mtihani nako hakukuwezekana, kwani kule mtu aliyeondoka zaidi ya mwaka hahesabiwi tena kuwa mwenyeji. Kwa kifupi, nchi nzima haikuwa na kituo ambacho Mwamvita angeingia na beji ya kijani. Alishaandika barua sita kueleza jambo hilo. Alijibiwa mbili, na zote zilimshukuru kwa kuandika.

Beji ilikuwa na maana yake. Tangu mfumo wa Mizani uanze, alama za mtoto haziendi chuoni kama alivyozipata. Zinapimwa kwanza kwa kanda: aliyesoma mahali penye walimu wachache na umeme wa kuvizia anaongezewa uzito, na aliyelelewa penye neema anabaki na alama zake zilezile. Ilikuwa haki, na ilifanya kazi vizuri kwa miaka mitatu, mpaka wenye uwezo walipoanza kuhamishia watoto wao kwenye kanda za shida wiki moja kabla ya mtihani. Ndipo zikaja beji, ya kijani kwa mwenyeji na ya njano kwa mgeni wa kuchungwa. Ndipo ikaja na mashine iitwayo Sikio.

Mwamvita aliomba mwenyewe apimwe kwa uzito wa Pwani, kanda ya Kisarawe, ule mdogo. Alitia saini fomu tatu kuthibitisha kwamba hataki hata nukta ya Kanda ya Magharibi aliyohamia. Alitaka mtihani tu. Alitaka kusomea uhandisi wa maji, na hakuona kwa nini jambo dogo hivyo lihitaji mihuri mingi hivyo.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama msimamizi, Mwalimu Maganga, mzee wa Kinyamwezi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amemfundisha fizikia miaka yote miwili ile, na tangu siku ya kwanza aliposikia jina la Pazi alimtangazia darasani kuwa amepata mtani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na utani ule si mzaha wa kupita. Mtani anaweza kukuvamia msibani akalala kaburini akadai hazikwi mtu mpaka apewe jogoo, na wewe mfiwa utacheka huku machozi yanakutoka. Akikutukana, unamrudishia tusi kubwa zaidi. Ukinyamaza, umemkana.

"Ohoo!" Mwalimu Maganga alisema alipoiona beji. "Mwizi wa kuku kaja. Leo umefuata nini huku, Mzaramo? Kuku tumewafungia."

Nyuma ya Mwamvita foleni ilianza kucheka. Kalunde, aliyekaa naye dawati moja muda wote huo, alimsukuma begani ili ajibu.

"Nimekuja kuwaibia nafasi zenu za chuo," Mwamvita alijibu kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. "Zote. Nitazibeba kichwani, maana nyinyi babu zenu wapagazi walishachoka kubeba."

Watu waliangua kicheko. Mwalimu Maganga alijishika tumbo, akampisha. Mwamvita aliingia akiwa mwepesi, hofu yote imemtoka, akaketi kiti namba thelathini na moja. Kwa saa tatu alijibu maswali kama mtu anayepiga soga. Alipotoka alijua amefaulu. Hakukisia, alijua.

Siku ya tisa aliitwa ofisini.

Aliyemwita alikuwa Bi Nakijwa, afisa ukaguzi wa Mizani, mama mnene mwenye sauti ya upole na chupa ya chai mezani, ambayo hakumkaribisha mtu. Juu ya kichwa chake, darini, lilikaa Sikio. Kwa kuliangalia ungesema ni kisosi cheupe kilichobandikwa kwa makosa. Kila ukumbi wa mtihani ulikuwa nalo. Kazi yake haikuwa kusikiliza majibu bali kupima nia: lilichukua kila neno la mtahiniwa na kutafuta humo uhakika, woga, uongo. Wahandisi wake walilifunza kwa sauti za mahakamani na za ofisini. Hakuna aliyefikiria kulipeleka msibani.

"Sikiliza hii," Bi Nakijwa alisema, akagusa meza.

Sauti ya Mwamvita ikajaa chumbani, safi na ya furaha. *Nimekuja kuwaibia nafasi zenu za chuo. Zote.* Kabla yake hapakuwa na kitu, na baada yake hapakuwa na kitu. Hata kicheko hakikuwepo.

"Mbona ya Mwalimu haipo?" Mwamvita aliuliza. "Yeye ndiye aliyeanza! Alisema mwizi wa kuku..."

"Sauti ya msimamizi hufungwa. Ya watu wengine inafutwa. Inabaki ya mtahiniwa, yale maneno tu yenye nia."

"Sasa mama, ule ulikuwa utani. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Kila mtu pale alijua."

"Na mimi najua." Bi Nakijwa alikunja mikono. "Mimi ni Mpare, mwanangu. Nimekaa na Wachaga watani wangu maisha yangu yote, wameniita majina ambayo siwezi kuyataja ofisini. Nilipoisikia tu nilijua. Hakuna mtu mwenye akili anayesimama mlangoni akatangaza wizi wake peke yake. Lakini Sikio halijui, na mimi siruhusiwi kujua zaidi ya Sikio."

"Nimeomba uzito wa Pwani. Nimesaini. Ningeiba nini? Hata ningetaka, hakuna cha kuiba!"

"Sheria haiangalii faida. Inaangalia nia."

"Basi niandikie kwamba napinga."

Bi Nakijwa hakushika kalamu. Alimweleza taratibu, kwa sababu alitaka aelewe mara moja asirudie.

Akipinga, sauti ya msimamizi itafunguliwa. Ikifunguliwa, itasikika kwamba msimamizi alizungumza na mtahiniwa maneno yasiyo ya kazi ndani ya eneo la mtihani. Hapo kosa halitakuwa tena la Mwamvita. Litakuwa la ukumbi. Mwalimu Maganga atafukuzwa, na mtihani wa watu wote thelathini na mmoja utafutwa, warudie mwakani.

Akikiri, shauri linafungwa palepale. Matokeo ya wengine yatatoka dakika hiyohiyo. Yake yatafutwa, atazuiwa miaka mitatu, na kwenye kitambulisho chake litawekwa doa: *alikusudia kuchukua nafasi isiyo yake.* Doa halifutiki. Chuo chochote kitaliona kabla ya kuona alama.

"Na nikinyamaza?"

"Una siku mbili. Baada ya hapo kunyamaza ni kupinga." Bi Nakijwa alisita. "Na usiwaambie wenzako. Mzazi tu. Ni siri ya shauri."

Mwamvita alitoka bila kuaga. Nje alikuta foleni ya watu wenye mashauri yao, kila mmoja na karatasi yake, akatamani kuwapiga kelele waende nyumbani.

Siwatu alisikiliza habari ile akiwa bado na sare ya hospitali, na kabla binti yake hajamaliza alikuwa keshasimama.

"Unapinga," alisema. "Hakuna cha kufikiri. Unapinga leo."

"Mama, watafutiwa watu thelathini."

"Watarudia mwakani. Kurudia mtihani hakuui mtu."

"Kalunde harudii."

Siwatu alimjua Kalunde vizuri, kwani rafiki huyo alikula pale nyumbani mara nyingi kuliko kwao. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na huu ulikuwa mtihani wake wa tatu. Wa kwanza aliukosa akimuuguza baba yake, wa pili alianguka kwa alama mbili. Mwisho wa umri wa kufanya mtihani ule ulikuwa miaka ishirini na minne. Mwakani mlango wake ungekuwa umefungwa, na hakuna barua ambayo ingeufungua.

"Kwa hiyo wewe ndiye ufungiwe?" Siwatu alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Wewe uliyezuiwa kule kwetu, ukazuiwa huku, ukavishwa beji kama ng'ombe wa mnadani? Hujaiba, Mwamvita. Hujaiba! Nitakuangaliaje unaenda kusema umeiba?"

"Sasa nifanyeje? Niambie, mama, nifanyeje!"

Siwatu alivua viatu vyake vya kazi akaviweka chini ya kiti, akavihamisha, akavirudisha palepale.

Walikuwa bado wamekaa hivyo mlango ulipobishwa. Alikuwa Mwalimu Maganga. Siku zote alizowahi kufika pale aliingia akidai kuku wake walioibwa. Leo alipiga hodi, akakaribishwa, akabaki amesimama na kofia mkononi.

"Nimeletewa swali," alisema, akaonyesha karatasi. "Wananiuliza kama nilisema na mtahiniwa namba thelathini na moja. Nimekaa nalo toka jana. Nimekuja kukuambia, binti yangu, kwamba nitajibu ndiyo. Kosa langu mimi. Miaka thelathini na nane nasimamia mitihani, nilijua kile kidude kiko pale, na mdomo haukuvumilia. Wanifukuze."

"Ukijibu ndiyo ukumbi wote unafutwa," Mwamvita alisema.

"Nani kasema?"

"Afisa. Sauti yako ikifunguliwa, wote wanaanguka. Kalunde naye."

Mzee aliketi bila kuambiwa. Ilionekana wazi hakulijua hilo. Alikuwa amekuja na ujasiri wake umekamilika, ameupanga njia nzima, na sasa hakuwa na mahali pa kuuweka.

"Kwa hiyo nikisema kweli nawaua thelathini," alisema. "Nikinyamaza nakuua wewe."

"Ndivyo walivyolitengeneza."

"Nani alilitengeneza hivyo?" aliuliza kwa ghadhabu, akimwangalia Siwatu kana kwamba muuguzi angejua. "Mimi nilikuwa kwenye kamati iliyoiomba hii Mizani! Tulikusanya saini kijiji kwa kijiji ili watoto wa huku nao wahesabiwe. Tulitaka haki, mama. Haki tu."

Mwamvita alikuwa na hasira na Sikio, na Bi Nakijwa, na wale matajiri waliohamisha watoto wao wakaharibu kitu kizuri, lakini hasira kubwa kuliko zote, na hili lilimuumiza, ilikuwa kwa mzee huyu mpole aliyeshindwa kufunga mdomo wake kwa nusu dakika. Na kwake mwenyewe, kwa kumjibu. Lakini angewezaje kutomjibu? Kutomjibu kungekuwa kumkataa mbele ya watu.

"Usijibu ile karatasi," alimwambia hatimaye. "Nikikiri, swali lao linakufa lenyewe."

"Mwanangu..."

"Usijibu, Mwalimu."

Siwatu aliinuka akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake, saa nne asubuhi, ua wa Kituo Namba Tisa, walikofanyia mtihani, ulikuwa umejaa watahiniwa. Matokeo yalikuwa yamechelewa siku mbili na hakuna aliyeambiwa sababu, kwa hiyo walikuja wenyewe kukaa chini ya ubao wa matangazo na kulalamika. Kalunde alikuwa amekaa kwenye ngazi, anatafuna kucha. Alimpungia Mwamvita mkono. Mwamvita alipita akaingia ndani.

Bi Nakijwa aliweka karatasi mezani. Ilikuwa na sentensi moja.

"Isome kwa sauti ya kawaida," alisema. "Sikio likiipokea tumemaliza. Na kuanzia hapo, ukiikana popote penye Sikio, shauri linafunguka upya, na ukumbi nao. Hata hapo uani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Mwamvita alisoma. "Mimi, Mwamvita Pazi, mtahiniwa mgeni namba thelathini na moja, nilikuja Kanda ya Magharibi kwa nia ya kuchukua nafasi isiyo yangu."

Kisosi kiliwaka taa nyekundu. "Kauli haina nia," kilisema. "Rudia."

Mwamvita alimtazama afisa. "Ina maana gani?"

Bi Nakijwa alijikuna shingo. Alikuwa na aibu. "Inasema hujamaanisha."

"Na siku ile nilimaanisha?"

"Siku ile ulikuwa na furaha, mwanangu. Hukuwa na wasiwasi hata kidogo. Sikio likisikia mtu hana wasiwasi, linaandika kwamba ana uhakika."

Mwamvita alicheka, kicheko kikavu kisichomfurahisha yeye wala mwingine. Alisoma tena. Safari hii sauti ilimkatika katikati, na machozi aliyoyazuia tangu jana yake yakamwagikia karatasi.

"Kauli imeshurutishwa," Sikio lilisema. "Rudia."

"Nipe maji basi!" Mwamvita alisema. "Nimekataliwa kuwa mwenyeji, nimekataliwa kuwa mkweli, sasa nakataliwa hata kuwa mwongo? Mnataka nini kwangu?"

Bi Nakijwa alimmiminia chai yake mwenyewe. Mwamvita hakuigusa. Dirishani alimwona Kalunde pale ngazini, kichwa kimeinamia magoti, anasubiri nafasi yake. Nafasi yake! Mwamvita alikumbuka alama ambazo hatazisoma kamwe, saa tatu zile alizojibu kama anayepiga soga, mto wa kwao uliokauka ambao tangu utotoni alisema ataurudisha. Kalunde hakuwahi kumshinda katika jaribio hata moja. Hata moja. Kwa nini basi awe yeye? Na pale, kwa pumzi moja au mbili, Mwamvita aliitaka nafasi ile ya rafiki yake. Aliitaka kweli, angeinyakua mkononi mwake kama ingekuwa kitu cha kunyakuliwa.

Akaisema sentensi ile akiwa bado anamtazama Kalunde.

Taa ikawa ya kijani. "Kauli imepokelewa," kilisema kisosi.

Bi Nakijwa alishusha pumzi, akagonga muhuri, akaanza kusema neno la faraja. Mwamvita alikuwa ameshafika mlangoni. Kilichomtisha hakikuwa uongo alioukiri bali kwamba mara ile ya tatu haukuwa uongo wote.

Uani simu zililia zote kwa pamoja. Kulikuwa na kimya cha watu wanaosoma, halafu vigelegele. Watu walirukaruka, wakakumbatiana, wengine wakakaa chini wakalia. Kalunde alikuja mbio akiwa ameishika simu juu, viatu kaviacha ngazini, akamkamata Mwamvita shingoni na kumzungusha.

"Nimepita! Mwamvita, nimepita, uganga wa mifugo, Morogoro! Wewe umepata wapi? Umepata wapi, mbona huangalii simu?"

Mwamvita alifungua mdomo, lakini ubao wa matangazo ulimtangulia. Majina thelathini yalikuwa yamepangwa kwa kijani. Chini yake, kwa nyekundu, ulipanda mstari mmoja: *Namba 31, mgeni. Amekiri kukusudia kuchukua nafasi ya mwenyeji.*

Vigelegele vilipungua upande ule, kisha vikakoma. Kalunde alisoma. Akasoma tena, midomo ikisogea.

"Wamekosea," alisema. "Si ule utani wa mlangoni? Wameuchukua ule utani? Twende tukawaambie, sote tulikuwepo! Twende sasa hivi."

Alimvuta mkono. Mwamvita hakusogea. Juu ya ubao, chini ya bati, kisosi cheupe kilikuwa kimebandikwa, na taa yake ndogo ilikuwa inawaka.

"Mwamvita. Ulikuwa utani, si ndiyo?"

Watu wote thelathini walikuwa wanamtazama. Upande wa geti alisimama Mwalimu Maganga, kofia mkononi, na alikuwa anatikisa kichwa, anamkataza, au anamwomba. Kwa umbali ule haikujulikana.

"Haukuwa utani," Mwamvita alisema. "Nilikuja kuichukua."

Kalunde aliuachia mkono wake. Alimtazama usoni, anatafuta pale kicheko kilipokuwa kikianzia siku zote, na hakukiona. Halafu alirudi ngazini kutafuta viatu vyake.